Herufi Nne za Mwakyusa

Marcelina alishamaliza mwaka kaburini, na juu yake bado kilisimama kibao cha mti chenye namba. Namba tu, jamani, kama mlango wa gesti. Baba yake kule Tukuyu aliomba kitu kimoja: aone picha ya jiwe lenye jina la ukoo. Mzee hajui kusoma, ila jina lake analijua, alijifunza ili aweze kusaini. Na London nzima mtu wa kulifanya hilo alikuwa Vaileth peke yake, aliyepanga chumba kimoja na marehemu pale Lewisham. Kitanda cha pili mpaka leo hajakigusa.

Basi kila Jumapili, akitoka shifti ya kulea wazee, anapanda treni mpaka Rayners Lane kwa fundi Balwinder, Singasinga mzaliwa wa Tanga, mwenye gereji iliyojaa vumbi la mawe. Mikono ya fundi inatetemeka siku hizi. Kuchora anachora, kuchonga hawezi. Kwa hiyo alimkabidhi Vaileth patasi na nyundo, ajaribu mwenyewe.

Ukutani palikuwa na karatasi ndefu, herufi ambazo fundi alizinakili ujanani makumbushoni, kwenye mfano wa mnara wa Warumi. Karibu miaka elfu mbili, na A bado ni A! Vaileth alizifuata, patasi upande huu, patasi upande ule, hadi kuta mbili za mfereji zikutane chini. MARCELINA ikatoka safi, yaani hadi raha. Akaipiga picha, akatafuta wa kumtumia, akakosa, akarudisha simu mfukoni.

Mstari wa pili, MWAKYUSA, ndipo mambo yalipokwama. M ipo. W aliitafuta karatasi nzima, hakuna. K hakuna, Y hakuna, hata U hakuna.

Fundi alimweleza kwamba mnara ule hauna hizo. U yenyewe waliiandika V. Akashauri waishie hapo, Marcelina peke yake inapendeza.

"Fundi, akina Marcelina wako wangapi pale makaburini?" Vaileth alisema. "Hilo alipewa na padri. Mwakyusa ndilo la kwao."

Balwinder akakuna ndevu. "Wewe mbishi kama mke wangu, Mungu amrehemu."

Kisha akasimulia: Y Warumi waliichukua kwa Wagiriki. W ililetwa na watu wa huku kaskazini, vinywa vyao vilikuwa na sauti ambayo Mrumi hakuiwekea herufi, wakasimamisha V mbili bega kwa bega. "Hawakumwomba mtu ruhusa," alisema, akashika brashi kwa mikono miwili, akachora V mbili.

W ilimlia Vaileth Jumapili tatu. Mguu wa K ulitoka mrefu kidogo, ukaachwa hivyohivyo.

Siku jiwe liliposimikwa, vibarua waliondoka mapema. Vaileth akatuma picha, mzee akapiga simu papo hapo.

"Ndilo," alisema. "Ndilo lenyewe. Hapo uko na nani, mwanangu?"

Vaileth aliangalia safu za mawe. Hapakuwa na mtu.

"Tupo wengi, baba."

"Basi mpe mmoja simu, nishukuru."

Vaileth akachuchumaa, akaisogeza simu hadi kwenye jiwe, akaishikilia pale. Mzee akaongea Kinyakyusa, taratibu, kwa heshima zote. Halafu akasubiri kujibiwa.