Kapteni wa Mkanda wa Tatu

Jumamosi moja ya mwaka 1997, saa kumi alasiri, Keziya alikaa benchi la mbele katika banda la video la Hezroni, Bondeni, miguu ikiwa bado na tope la shamba. Video hakuzipenda. Lakini kwa miezi miwili Hezroni alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti, mpaka Ikolo, kijijini kwa Keziya, kwamba tamthilia hii ya anga za mbali haijapata kuonekana, na kwamba Kapteni wake huwarudishia watu nchi walizoporwa. Keziya alihitaji mtu wa namna hiyo. Jumatatu trekta lingekuja kung'oa migomba yake, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji alikuwa amempa mnunuzi wa kakao shamba hilo la Keziya ajenge ghala. Kila ofisi aliyokwenda ilimwambia kwamba siku hizi ni soko huria.

Tamthilia yenyewe ilikuwa kichekesho. Chombo cha anga kilikuwa cha mbao, na nyota moja ilionekana wazi ikining'inia kwenye uzi. Watu wakaanza kuzomea. Katikati ya mkanda wa tatu Kapteni akatoka kwenye kioo cha televisheni, akasimama mbele ya benchi akijikung'uta vumbi. Waliokaa nyuma wakamwambia akae, anawaziba.

Keziya akamchukua kwake. Hakumweleza shida yake siku hiyo, maana mgeni haombwi kitu kabla hajala. Alimpikia mbalaga, ndizi na nyama chungu kimoja, naye akala sahani tatu. "Ndaga, mama," akashukuru, kwa lafudhi ya Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa mikanda ilipitia huko.

Jumatatu Kapteni akasimama mbele ya trekta na kulielekezea bunduki yake. Ikawaka taa nyekundu. Dereva akangoja kidogo, kwa adabu.

"Una kibali?" mwenyekiti akauliza.

Kapteni akajipapasa. Nguo zake za kung'aa hazikuwa na mifuko.

"Kwetu nikisimama hivi huwa wanakimbia," akamwambia Keziya kwa aibu.

"Hapa hawakimbii. Sogea, baba, wasije wakakukanyaga."

Kabla ya adhuhuri migomba yote ilikuwa chini. Keziya alilia kwa hasira, mbele ya watu, bila kujifunika uso. Alipomaliza akachambua miche iliyosalimika, akampa Kapteni jembe.

Kapteni hakurudi kwenye kioo. Katika mkanda wa nne wenzake walionekana wakipokea amri kutoka kwa kiti kitupu, na Hezroni akaendelea kuisifu tamthilia vilevile.

Ghala likajengwa. Siku ya kulifungua, mwenyekiti alikuta mche wa mgomba umesimama katikati ya mlango.

"Mama Tumpale, nimeng'oa mara ngapi hapa?" akamwuliza Keziya.

"Mara kumi na moja. Umechoka, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akainama, akaung'oa.

"Mimi sijachoka," Keziya akasema. Nyuma yake Kapteni alikuwa ameshaanza kuchimba shimo jingine.