Siku Ambayo Coleta Hakupiga Makofi

Bango lilitundikwa njia panda ya kwenda Izia, nami nililisoma nimesimama na gurudumu la mteja mkononi. Lilisema Coleta anakuja nyumbani Sumbawanga kuonyesha filamu yake mpya. Hilo sawa, tulikuwa tunalingoja. Picha yake ilikuwa kubwa kupita mlango wa kanisa, meno yote nje. Lakini chini, kwa herufi za dhahabu, walikuwa wameandika kwamba nyota huyu alianza kuigiza Dar es Salaam, kwenye ile filamu ya jumba la ghorofa ambayo kila mtu ameitazama kwenye simu.

Uongo mtupu. Coleta alianza kijijini Mpui, uani kwa Felisian, nyuma ya banda la kuku, kichwa kimenyolewa na miguu imejaa udongo. Filamu ile ya Mpui nimeiona mara nyingi kuliko nilivyokwenda misa, na nawaambieni leo: hizo za Dar, pamoja na mataa yao na magari yao ya kukodi, zote kwake hazioni ndani.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nimejifundisha kwa magazeti na kwa ubishi. Sokoni wananiita Bwana Kero, kwa sababu nakumbuka. Namkumbuka mgombea aliyetuahidi choo cha soko, na shati alilovaa siku ile, na jinsi alivyojifuta jasho akitamka neno "karibuni". Watu hawapendi mtu anayekumbuka. Lakini bango lile lilinichoma kuliko choo, maana choo hakikujengwa, na filamu hii ilitengenezwa. Ipo. Halafu mtu anakuja na rangi ya dhahabu kusema haipo.

Felisian alikuwa mpiga picha za harusi. Kipaimara, ndoa, ubatizo, yeye na kamera yake begani, uwanda mzima wa Ufipa ulimjua. Katikati ya harusi na harusi akaanza kutengeneza filamu yake, kwa Kifipa, na akaiita Matuta ya Marehemu. Ni habari ya mjane ambaye baba mkwe anataka kumnyang'anya shamba alilolilima yeye mwenyewe, tuta kwa tuta, majani chini udongo juu, kama tunavyolima sisi. Mjane alikuwa Coleta, binti wa jirani, bado hajui hata wapi pa kuangalia kamera ikiwaka.

Siwafichi, ina vituko. Felisian alikuwa na kidole cha harusi: hakuweza kuacha kile kitufe cha kuvuta picha. Mtu akisema neno, uso wake unakuja mbio mpaka unaona tundu za pua, kisha unarudi mbio mpaka unaona kuku. Na kwa kuwa mashine yake ya kuunganishia picha ilikuwa ya harusi, kila tukio likiisha, mioyo myekundu inaruka kwenye kioo. Mume anazikwa, watu wanalia, mioyo inaruka.

Halafu linakuja lile tukio la asubuhi. Aliyekubali kuwa baba mkwe alikuwa ameteremka bondeni Ilemba kuvuna mpunga, hakurudi. Felisian akavaa koti mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, na kamera akaiweka juu ya gunia la maharage. Mnaona? Hakukuwa na mtu wa kuvuta picha. Kamera ilitulia kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ndani ya utulivu ule Coleta akaingia.

Ni mwezi wa saba, baridi yetu ile, pumzi inaonekana. Analaza jembe chini. Anachuchumaa, anainamisha kichwa, maana kwetu mkwe hasalimiwi kwa mdomo mtupu. Unachuchumaa na unapiga makofi polepole, ndipo unasema. Anaileta mikono yake pamoja. Viganja vinakutana. Na hapo vinabaki. Havipigi. Anaitazama mikono ile kama ya mtu mwingine, kama anaiuliza, mtapiga au hampigi? Mabega yanatetemeka kidogo, si kwa kilio, ni kwa kazi ya kujizuia. Kisha anaishusha chini, anaokota jembe, anakwenda kwenye matuta yake. Hajasema neno. Baba mkwe amebaki mdomo wazi.

Felisian alinisimulia baadaye kwamba walikuwa wamekubaliana apige makofi na alie. Coleta hakumwambia mtu. Ule mdomo wazi wa Felisian si uigizaji hata kidogo. Alikuwa anangoja salamu.

Hebu fikirieni. Binti wa Mpui, hakuna mwalimu, hakuna wa kumwelekeza, maana mwelekezaji ameketi kwenye kigoda. Amelijua hilo kwa akili yake mwenyewe, kwamba kumnyima mtu makofi kunauma kuliko kumtukana! Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama bandani, wa nyuma wakanivuta shati niketi.

Sasa niwaambie kuhusu banda. Lilikuwa Izia, la video, benchi na mashine na jenereta nje, na msemaji wake alikuwa Masanja. Ninyi mnawajua hawa, wanaokaa na kipaza sauti na kuitafsiri filamu ya kigeni juu kwa juu, wahusika wote sauti moja. Masanja ni Msukuma. Wazazi wake waliteremka na ng'ombe wao mpaka bonde la Rukwa, yeye akapanda mjini. Kifipa hakukijua. Lakini kazi ya banda ni kutafsiri, filamu ya Felisian si ya Kiswahili, basi akatafsiri. Mjane akawa jasusi wa kike kutoka Kongo. Baba mkwe akawa Bosi. Jembe likawa na bomu ndani ya mpini. Na sisi Wafipa, tunaosikia kila neno linalosemwa, tulikuwa tunalipa kiingilio kwenda kusikia lugha yetu inavyopotoshwa, tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Tukio la asubuhi likifika, Masanja ananyamaza. Mtu asiyenyamaza hata akila. Siku ya kwanza nilidhani kipaza sauti kimekufa. Siku ya pili, vilevile. Kila siku.

Kanda ya Felisian ilikuwa moja. Tajiri mmoja akaja anataka harusi yake ipigwe picha Jumamosi ileile, hapana ngoja ngoja, na Felisian akairekodi harusi juu ya filamu. Ndoa yenyewe haikufika mavuno. Kilichobaki ni diski moja tu, ambayo Masanja alikuwa ameirekodi bandani pamoja na sauti yake, ili siku akikaukiwa koo mashine imsemee. Banda lilipofungwa diski hiyo ilikuja kwangu, na tangu hapo imelala ndani ya shati langu la komunio, imekwaruzika kama goti la mtoto.

Kwa hiyo Felisian alizeeka Mpui bila ushahidi. Akisema, yule wa kwenye simu zenu nilianza naye mimi, vijana wanamuuliza kama na lile bomu la mpinini alilitega yeye. Mwishowe akaacha kusema. Nilipomfuata na habari za bango nilimkuta anapalilia maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza. Akaniambia niache, binti amepata maisha yake, kwa nini nimvute matopeni.

Mimi siachi.

Nikamwendea Lutengano, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, mtu wa Mbeya, mwenye duka la simu. Nilikwenda na hasira zangu zote nimezipanga kwa zamu. Lakini Lutengano alinikaribisha kiti, akaitia diski kwenye mashine yake, akaitazama mpaka mwisho. Hapo nikapungukiwa hasira moja.

"Mzee wangu," akasema, "hizi ni kelele. Mgeni atadhani tumemwita tumcheke."

Nikamwambia aifute sauti ya Masanja. Akamwita kijana wake wa kompyuta, kijana akahangaika, akasema sauti zimeshikana, ukimtoa Masanja unatoa na wote. Nikaanza kumkumbusha Lutengano mambo ya kamati zilizopita. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo lilinikaa.

"Na kama yeye mwenyewe hataki kukumbushwa?"

Nimebishana na wakubwa maisha yangu yote, na swali la muuza simu likanikwamisha. Maana Coleta hakuwahi kuitaja. Mahojiano yake yote nimeyasikia, nikingoja neno Mpui. Huenda anaona aibu. Huenda kweli angeikana mbele ya watu, na hapo Felisian angekuwa mwongo rasmi, kwa mdomo wa mgeni rasmi.

Tukaafikiana hivi: diski itawekwa wakati watu wanatafuta viti, kabla mgeni hajafika. Kadi zilisema saa nane mchana. Mtu yeyote aliyewahi kualikwa shughuli hapa anajua maana yake: mgeni rasmi atafika saa kumi, akiwahi sana. Tulikuwa na nafasi tele. Watu wataiona, Felisian ataona watu wakiiona, kisha tutaizima, na Coleta hatajua.

Siku hiyo nilimtoa Felisian Mpui kwa lazima. Akavaa koti. Lilelile. Akaketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kukimbia. Masanja naye alikuja. Siku hizi ni dalali wa ng'ombe mnadani na ile sauti inamlisha bado. Ukumbi ulikuwa unajaa, watu wanagombea viti, kwaya ya mapokezi iko nje inavaa sare, Lutengano anatafuta maua. Kijana akaiweka diski, picha ikatokea ukutani.

Sauti ya Masanja ikapasua ukumbi ikisema mtoto wa Bosi ameuawa Kongo, jasusi analia machozi ya uongo, na mioyo myekundu ikaruka juu ya kaburi. Watu wakaangua kicheko. Wazee waliokumbuka banda wakaanza kuyasema maneno kabla Masanja hajayasema. Nikamwangalia Felisian. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mlango ukafunguka, na aliyeingia ni Coleta.

Saa nane. Saa nane ya kwenye kadi! Sisi wote tulisahau kwamba huyu ni mtu wa kazi, huko kwao mwigizaji akichelewa watu wote wanasimama kumngoja. Hakuna wimbo, hakuna maua, na yeye ukutani, mkubwa mara mbili ya mlango, kichwa kimenyolewa, anatangazwa kuwa amebeba bomu.

Lutengano alikimbilia nyaya. Nami nilikuwa nimeshika kiti mbele yangu, nikijiambia, Bwana Kero, leo umemuua mtu.

Coleta akanyanyua mkono.

"Acha iende," akasema, si kwa nguvu.

Akabaki amesimama pale mlangoni, kiganja mdomoni. Masanja wa kwenye diski akanguruma juu ya mpini wa jembe, na nikaona mabega ya Coleta yanacheza, alikuwa anacheka. Kisha picha ikatulia. Asubuhi. Kigoda. Pumzi kwenye baridi. Masanja wa kwenye diski akanyamaza, na ukumbi mzima ukanyamaza naye, ukasikia jenereta la Izia la miaka ile likivuma, na mtoto akikohoa, mtoto ambaye leo labda ana watoto. Coleta wa ukutani akachuchumaa. Akaleta mikono. Viganja vikakutana.

Na hapo diski ikanasa. Ule mkwaruzo. Picha ikaganda, mikono miwili pamoja, mikubwa kama milango, na mashine ikawa inakereza tu. Nadhani kila mtu alikuwa anangoja yale makofi.

Coleta akashusha kiganja, akaanza kutazama watu, safu kwa safu, kama anayetafuta ndugu kwenye stendi. Aliliona koti kwanza. Niliona macho yake yanavyolishika, halafu yakapanda usoni. Benchi lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Felisian akataka kuinuka, lakini Coleta alikuwa ameshamfikia.

Coleta akavua viatu. Akachuchumaa pale chini kwenye saruji, na lile gauni lake, akainamisha kichwa, akaleta mikono pamoja. Na akapiga. Polepole, kama inavyotakiwa, viganja vimepinda kidogo ili sauti itoke nzito. Kisha akasema maneno kwa Kifipa, chini chini. Felisian alikuwa mdomo wazi, uleule wa kwenye filamu.

Mwishowe akaitikia.

Wageni kutoka mikoani, na ile timu yake ya Dar, walikuwa wanaulizana amesema nini. Mtu mmoja wa zamani, wa benchi za Izia, akaita kutoka katikati:

"Masanja, tafsiri wewe!"

Ukumbi ukacheka, kisha ukamgeukia. Masanja alikuwa amesimama kando ya ukuta na fimbo yake ya mnadani, uso umelowa. Akakohoa kusafisha koo.

"Hiyo naijua," akasema. "Amemwamkia baba mkwe. Anasema amsamehe, amechelewa."

Mimi Kifipa nimezaliwa nacho. Ndivyo Coleta alivyosema, neno kwa neno.