Groupe yenye kuziba masikio

Courant ilikatika siku ya tatu ya mvua, na mafundi bakasema itakawia wiki tatu, labda ine. Kwa majirani, hiyo ni shida ya kuchajisha telefone tu. Kwangu ilikuwa pumzi ya bwana yangu, Mathe. Miaka kumi na nane alichimba zahabu kule Manguredjipa, vumbi ya mawe ikabaki ndani ya kifua. Poste de santé, zahanati ya kanisa, ilitukopesha mashini ya oxygène. Muganga alisema muchana muzee anaweza kuvumilia, lakini kuanzia saa kumi na mbili ya jioni mpaka asubuhi mashini isizimike.

Donc nikapanda gari pamoja na Abigaïl, muke wa mutoto yangu Kitsa, tukatoka Beni kwenda Butembo kutafuta groupe, mashini ya kutoa courant. Kitsa mwenyewe analima viazi Kipese. Ndani ya kikapu niliweka sufuria yetu ya sombe na mwiko.

“Mama, tunaenda kupika njiani?” Abigaïl akauliza.

“Beba tu.”

Muuzaji, jina lake Malachie, alikuwa na groupe mbili ndogo zenye kuweza kubeba mashini yetu. Ya kwanza nyekundu, reservoir kubwa ya mafuta, inatumika usiku muzima bila kuongeza essence. Alipovuta kamba, mabati ya duka ikatetemeka. Ya pili imefungwa ndani ya sanduku ya plastiki, inanguruma kama muzee anayekoroma chumba cha pili. Lakini hiyo, kila masaa matatu unatoka inje kuiongezea.

“Mukaka, mama yetu, chukua nyekundu, ndiyo dume!”

“Acha iwake. Abigaïl, vuka barabara, upige sufuria.”

Malachie akacheka mpaka akashika meza. “Batu banauliza watts, banauliza garantie. Wewe unanunua groupe ao unasindikiza bibi-arusi?”

Nyekundu ikinguruma, niliona mukono wa Abigaïl unapanda na kushuka, sauti hapana. Malachie akawasha ile ya sanduku. Ngo, ngo, ngo. Nikasikia.

“Munakaa wapi?” Malachie akauliza, bado anacheka.

“Beni. Nyumba za mwisho, pale mashamba ya kakao inaanzia.”

Akaacha kucheka. Akapanguza ile ya sanduku kwa mukono wa shati yake, akaongeza entonnoir ya kumiminia na bidon ya essence bila kuniangalia usoni. “Chukua hii, mukaka.”

Kwetu hata mutoto anajua: wale ba porini, wenye mapanga, habapige hodi. Mutu akiona kitu, anapiga sufuria. Jirani anapokea, naye anapiga, mpaka kila nyumba inatoka na kukimbilia upande wa mujini. Nyumba isiyosikia inabaki. Musimu wa kakao uliopita kulikuwa nyumba moja yenye kupenda muziki. Siongeze neno.

Tulifika mapema. Tukaweka groupe nyuma ya jikoni, chini ya migomba, waya ukapita dirishani. Ilipofika saa kumi na mbili Mathe akavaa kamba yake ya puani, na polepole midomo ikaacha kuwa ya bluu. Nilifurahi, nikakaa kumenya ndizi za makemba. Kuinua macho, Ésaïe, mukubwa wa nyumba zetu kumi, amesimama mulangoni na banaume babili. Miguu yao sikuisikia.

“Karibu, Ésaïe. Kaa.”

Hakukaa. “Mama Kitsa, tumefanya essai. Nimepiga sufuria kwangu mara tatu. Nyumba tisa zimetoka. Yenu mumekaa.”

“Mais Butembo nilisikia!”

“Butembo alikupigia mutu wa ng’ambo ya barabara. Mimi ndiye jirani yako wa karibu, na niko ng’ambo ya bonde.”

Na ile mashini ya oxygène, hiyo nayo inavuma kama mizinga ya nyuki. Sikuibeba dukani. Nilipima kelele ya groupe, nikasahau kelele ya nyumba yangu.

“Uizime, mama.”

“Nikiizima, asubuhi utakuja kuchimba kaburi.”

“Nikikuachia, nitachimba mangapi?” Alisema bila kukasirika. Ni yeye aliyemubeba Mathe mugongoni mpaka poste.

Mathe akaondoa kamba puani. “Ésaïe ana haki. Zima.”

“Wewe rudisha hiyo kamba, nani amekuuliza?”

Nikabeba kiti changu kidogo, nikatoka. Nikapita jikoni, nikapita migomba, nikaenda tu mpaka groupe ikawa kama inzi ndani ya chupa. Ésaïe akanifuata, akamutuma mumoja wa banaume kwake apige tena. Tukangoja. Sauti ikavuka bonde, safi kabisa.

“Nitakaa hapa,” nikasema. “Kila nikisikia, nakimbia kuamusha nyumba.”

Ésaïe akaangalia miti ya kakao, hatua mbili mbele yetu. “Mama, hapa uko mbele ya sisi wote.”

“Nimeona.”

Akaenda kwake.

Giza ilipokuwa inaingia Abigaïl akaniletea blanketi. Pale nilisikia barabara, nilisikia mutu anakohoa upande wa pili wa bonde. Nyumba yangu tu, hapana.

“Anapumua?”

“Anapumua muzuri, mama. Anauliza uko wapi.”

“Mwambie niko nyuma ya jikoni. Rudi kwake, usimuache.”

Akasita. “Na essence, saa tatu?”

“Utaiongeza wewe. Mimi siwezi kutoka hapa.”

Akaenda. Nikageuza kiti, mugongo upande wa nyumba.