Kasha Lisilo na Komeo

Wamarekani wana sheria inayoeleza kitanda ni nini. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua za mume wangu, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika makaratasi ya kusafirisha mizigo katika kiwanda cha kaka yangu Weigen, hapa kwetu Zhejiang. Kitanda kimo, kabati la nguo limo, meza ya kando ya kitanda imo, kasha la mablanketi limo. Ukikitengeneza China, kwa mbao, kwa ajili ya chumba cha kulala, kikifika kwao kinatozwa ushuru wa kumtoa mtu roho. Mteja wetu mkubwa alikuwa akinunua makasha ya mablanketi. Ushuru ulipomfika shingoni alituambia waziwazi: nitengenezeeni kitu ambacho hakimo, la sivyo tuagane. Tukiagana naye, kiwanda kinafungwa na mafundi wote wanarudi makwao.

Kitu ambacho hakimo ni sanduku la vitu vya kuchezea watoto. Hilo wamelitoa kwenye ushuru, lakini kwa masharti. Liwe pana kuliko kimo chake. Lisiwe na droo wala mlango. Kifuniko kifunike juu kote, na kishuke polepole kisije kikabana vidole. Liwe na matundu ya hewa. Na lisiwe na komeo la aina yoyote, maana ukilipachika komeo tu, limerudi kuwa kasha la chumbani. Nilipoyasoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje. Aliyeyaandika masharti yale, niliwaza, alishazika mtoto.

Sisi pia tulizika. Mdogo wetu Xiaoman alifia ndani ya kasha la harusi la mama, akiwa na miaka mitano. Tulikuwa tunacheza mchezo wa kujificha, na Weigen ndiye aliyekuwa anatafuta. Alitafuta jikoni, bandani, mpaka kwa majirani. Chumbani kwa mama hakuingia, kwa kuwa ilikuwa mchana, saa ya watu kulala, na tulikatazwa. Komeo la kasha lilikuwa limejiangukia lenyewe. Tangu siku ile kaka yangu hajawahi kulala mchana, hata akiwa na homa.

Kwetu, akizaliwa msichana, hupandwa mkafuri nyuma ya nyumba. Akiolewa, mti unakatwa na kuchongwa makasha ya kuondoka nayo. Wangu ulikatwa zamani. Wa Xiaoman ulibaki, ukanenepa mpaka ukapita paa, na washenga waliouona kutoka barabarani walikuwa wakibisha hodi kumuulizia binti mwenye mti ule. Mama hakumweleza hata mmoja wao. Alikuwa akijibu, "Bado mdogo," kisha anafunga mlango.

Weigen aliukata mwaka jana, mama alipokwenda kumuuguza dada yake. Mteja alitaka sampuli inukie kafuri, na mikafuri siku hizi haipatikani ovyo. Mama aliporudi alikitazama kisiki, akaingia ndani. Hakumgombeza. Ila aliacha kula meza moja na sisi, na kwa mama yangu hilo ni kubwa kuliko matusi.

Mbao zilipokauka sanduku likachongwa, likapendeza. Asubuhi ya siku ambayo wakala wa mteja angekuja kulikagua, nikakuta limepigwa komeo la shaba.

"Kaka, una wazimu?" nilimwambia. "Gu anakuja leo. Akiliona hilo tumekwisha."

"Linafunguka."

"Sanduku lazima lifunguke. Ndiyo kazi yake."

"Linafunguka lenyewe, Qiaoyun. Kila mchana, watu wakilala." Hakuwa akinitazama. "Kaa na mimi leo uone. Usiponiamini, utaling'oa mwenyewe."

Kaka yangu si mtu wa kutishika. Aliwahi kukatwa kidole na msumeno akakiokota mwenyewe. Nikakaa.

Saa ya kulala ilifika, mashine zikazimwa, mafundi wakajilaza juu ya maboksi na wengine wakalaza vichwa juu ya meza. Kiwanda kizima kikawa kinakoroma. Tulikaa na Weigen mbele ya sanduku, na mimi nilikuwa nimeanza kujicheka moyoni. Kisha komeo likatikisika. Kifuniko kilisukumwa kutoka ndani, kikakwama, kikasukumwa tena. Halafu zikaanza kugongwa mbao, taratibu, kwa mkono mdogo. Weigen alikuwa ameziba masikio.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia mama na bisibisi mkononi. Nyumba yetu iko ng'ambo ya ua, sijui alisikiaje. Hakumsalimu mtu. Alipiga magoti, akafungua skrubu za komeo moja baada ya nyingine, akalitia mfukoni.

"Mlishamfungia mara moja," alisema. "Haitoshi?"

Kifuniko kikainuka polepole, kikasimama. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu ya kafuri ilitujaa puani mpaka macho yakatoa machozi. Sijui kama ni harufu tu.

Gu alifika watu walipokuwa wanaamka. Ni mtu wa Shanghai, mnene, mwenye maneno mengi.

"Bosi Shen, mbona umepauka hivyo? Au umeongeza bei?" alimtania kaka yangu. Akaliona sanduku. "Ah, bibi arusi mwenyewe huyu."

Mama alimtazama, mkono wake mfukoni juu ya komeo.

Gu akapima upana, akapima kimo, akachungulia bawaba. Akashusha kifuniko, kikashuka kwa upole kama inavyotakiwa. Akapapasa mbele. "Komeo hakuna. Safi." Matundu madogo yaliyoachwa na skrubu hakuyajali. Kisha akachana karatasi nyembamba ya sigara na kuisogeza kwenye matundu ya hewa. Karatasi ikapepea kwa nje. Ikavutwa, ikanata kwenye matundu. Ikapepea tena, ikavutwa tena.

"Hewa inapita kwelikweli," alisema. "Mmeweka feni?" Akafungua, akakuta utupu, akacheka peke yake. "Haya, limefaulu. Hili si kasha la chumbani, ni sanduku la watoto. Naondoka nalo sasa hivi. Kesho litapanda ndege, mteja akawaonyeshe watu wake wa ushuru."

"Hili hapana," alisema Weigen. "Tutakutengenezea jingine."

"Bosi, nimepima hili, nimepiga picha hili. Mteja hangoji. Bila hili hakuna oda."

"Basi hakuna oda."

Nikamshika mkono. Mafundi walikuwa wameshasogea, wanasikiliza, na Fundi Jin, aliyekuwa nasi tangu siku ya kwanza, aliivua kofia yake na kuikunjakunja. Niliwaonea huruma, nikamwonea huruma na kaka.

Mama ndiye aliyesema. "Weigen. Mti wa msichana unakatwa siku gani?"

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza."

"Siku ya kuondoka kwao."

"Na wewe umeshaukata." Akakipapasa kifuniko kwa kiganja. "Basi mwache aende. Sasa amekua."

Akaenda nyumbani, akarudi na kitambaa chekundu, tende na karanga, na kile kishada cha manyoya ya kuku ambacho Xiaoman alikuwa akikirusha kwa mguu. Alivipanga ndani, akafunga kifuniko, akatandika kitambaa juu. Gu aliuliza kama ni desturi ya kiwanda.

Kwetu bibi arusi hakanyagi chini akitoka kwao. Kaka yake humbeba mgongoni mpaka kwenye gari. Weigen akageuka, akachuchumaa, tukampandisha sanduku mgongoni. Asubuhi alikuwa amelinyanyua kwa mkono mmoja. Sasa aliinuka kwa taabu. Nilimfuata kwa nyuma na kuona kwamba matundu ya hewa yamemwelekea shingoni. Nywele za kisogoni kwake zilikuwa zinainuka na kulala, zinainuka na kulala. Ua lilikuwa limetulia kabisa; hata kitambaa hakikutikisika.

Alilitua ndani ya gari, akainama karibu na matundu, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu akiwa na miaka minane: "Nimekupata."

Gari likaondoka. Mama akamwaga bakuli la maji nyuma yake, kama ilivyo desturi kwetu binti akiolewa, akaingia ndani, na jioni ile akala nasi.

Oda ilikuja, tena kubwa. Siku hizi kaka yangu hulala mchana kama watu wengine, tena anakoroma. Mimi ndiye ninayekaa macho. Kila sanduku likishatobolewa matundu nalipitishia kipande cha karatasi ya sigara kabla halijafungwa. Mpaka leo karatasi haijatikisika, na sijui kama nashukuru au namlilia.