Jina la Kumtupia Jirani

Wanaume wanaoandika ugomvi wao juu ya watoto wananitia kinyaa. Nalisema hilo mapema, asije mtu akadai kwamba nilimchukia Salvator kwa kodi ya nyumba au kwa dini yake. Nilimchukia kwa jina alilompa mwanawe. Mengine yalifuata baadaye.

Tulikuwa wapangaji wake, mimi na mume wangu Tajudini, vyumba viwili nyuma ya nyumba yake kule Mutanga Sud. Sisi ni Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Tajudini ni fundi wa magari, mimi nashona, na kuhamia Mutanga kulikuwa maringo yake tu, alitaka watu waseme anakaa karibu na chuo kikuu. Salvator alikuwa na cheo katika wizara moja. Mkewe Daphrose alikuwa mpole kupita kiasi, wale wa kuomba radhi wanapokanyagwa. Upande wa pili wa ukuta alikaa Léonce, mkaguzi wa shule aliyestaafu. Maji machafu ya jikoni kwa Léonce yalipita chini ya ukuta, yakatuama uani kwa Salvator, yakanuka. Kipande cha bomba kingemaliza kesi. Wao wakaona afadhali kununiana miaka mitatu.

Mwaka 1991 Daphrose akajifungua mtoto wa kiume, baada ya mimba mbili kuharibika. Nilipompelekea uji aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameshapata jina, Niyonkuru, yaani Mungu ndiye mkuu. Nikamwambia ni jina zuri, na sisi tunayasema hayohayo kila tunaposali. Akafurahi, akalirudia huku akimnyonyesha.

Kwetu jina hutolewa siku ya saba, na kazi yake ni dua. Mwanangu wa kwanza ni Anouar, maana yake mianga. Tajudini ni taji la dini, ingawa alfajiri taji lenyewe hukoroma mpaka jua litoke. Wakristo nao hupewa na padri jina kutoka kalenda ya watakatifu, la Kilatini au la Kigiriki, na wengi hawajui wamebeba nini. Sista mmoja wa zahanati alinifafanulia siku moja nikimpima sare: Léonce ni simba, Salvator ni mwokozi, Claude ni mtu anayechechemea. Nilicheka sana. Lakini hata huyo wa kuchechemea hakuna aliyemkusudia ubaya. Juu ya hilo la padri, Mrundi huwa na jina la Kirundi ambalo mara nyingi hulitoa baba, na hilo linaweza kuwa sentensi nzima. Linaweza kuwa shukrani au kilio cha msiba. Linaweza pia kuwa barua ya matusi kwa jirani.

Siku ya kumtoa mtoto nje na kumtaja jina watu walijaa uani, bia na soda zikafunguliwa. Salvator akambeba mtoto, akawapa wageni mgongo, akaukabili ukuta wa Léonce. Akasema kwa sauti ya kuhutubia, "Huyu ni Nzikobanyanka." Maana yake ni, najua kwamba wananichukia. Akalirudia, isije ikawa mkaguzi hakusikia. Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama yule mtoto wa siku nane, ngozi bado inambambuka, hajaona hata sura ya mama yake vizuri, na tayari amegawiwa maadui. Sahani yangu niliirudisha na chakula chake.

Padri alimbatiza Prudence, lakini Salvator akapiga marufuku jina hilo nyumbani. Na kwa kuwa mama huitwa kwa mwanawe, Daphrose naye akawa Mama Nzikobanyanka. Muuza mboga akimwita hivyo sokoni, watu hugeuka kumtazama huyo mama mwenye kuchukiwa. Aliniomba mimi niendelee kumwita Daphrose, nami nikakubali.

Léonce hakukubali kushindwa. Alinunua mbwa, akamwita Sindabazi, siwajui. Warundi huandikiana hata kwa mbwa. Basi kila alasiri ikawa Salvator anamwita mwanawe ukutani na Léonce anamwita mbwa wake ukutani, Nzikobanyanka huku, Sindabazi kule, wanaume wawili wenye diploma zao. Mimi nipo katikati nashona, na uzi unanikatikia kwa hasira.

Mtoto alipoanza kuongea mambo yakazidi kunuka. Salvator akirudi kazini humsimamisha juu ya kreti ya bia karibu na ukuta. "Unaitwa nani?" Mtoto anatunisha kifua na kupiga kelele, "Nzikobanyanka!" "Nani wanakuchukia?" Mtoto ananyoosha kidole mbele, kwenye ukuta. Hapo baba hutoa biskuti mfukoni. Mtoto wa miaka mitatu hajui chuki ni nini, anajua biskuti. Niliwahi kumwambia Salvator, "Baba, mutoto apana barua." Akacheka, akasema mimi ni Mswahili, mambo ya Warundi siyajui. Nimezaliwa Bujumbura mimi, na mama yangu kazaliwa Bujumbura.

Oktoba 1993 rais akauawa na nchi ikawaka. Kufikia Machi 1995 mitaa ilikuwa inachambuliwa kama mchele, huku wabaki hawa, kule wabaki wale. Kabila la mtu sitalitaja. Kuna mitaa walifukuzwa hawa na kuna mitaa walifukuzwa wale, na anayetaka kushindanisha maiti atafute mtu mwingine wa kumsikiliza. Mtaani kwetu waliokuwa wanafukuzwa ni watu wa Salvator, na waliokuwa wanafukuza waliwahesabu watu wa Léonce kuwa wenzao. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa.

Alhamisi moja Salvator akatoka na mkoba wake wa ofisini kama anayekwenda kazini, akavuka mpaka kwenda Uvira, Kongo. Alimwachia mkewe kikaratasi kwamba atawaita mambo yakitulia. Mwokozi huyo. Nilikisoma kile kikaratasi mara mbili nikitafuta jina la mtoto, halikuwemo.

Tajudini alikuwa ameshatangulia Buyenzi kwa mama yangu, na watoto wetu na spana zake. Mimi nilibaki siku mbili kwa ajili ya Daphrose. Buyenzi bado walikuwa wanapokea kila mtu, na kwenye vizuizi vijana walikuwa wakituacha Waislamu tupite, wakisema ugomvi huu si wetu. Mpango ulikuwa hivi: Daphrose avae buibui langu, awe dada yangu Fadhila. Kiswahili chake kingemfichua, kwa hiyo tungemfunga kitambaa shavuni, anaumwa jino, hawezi kuongea. Mtoto awe wangu, aitwe Anouar.

Siku mbili nikamfundisha, mlango umefungwa, sauti za chini. "Unaitwa nani?"

"Nzikobanyanka."

"Apana. We unaitwa Anouar. Sema."

"Ni muchezo tu, mutoto wangu," Daphrose akambembeleza. "Tukifika kwa bibi muchezo inaisha."

Kufikia Jumapili asubuhi alikuwa anasema Anouar kila nikimuuliza. Nikaridhika. Mpumbavu mimi, sikukumbuka kwamba nilimuuliza ameketi kitandani, ndani ya nyumba, kwa kunong'ona.

Tulitoka saa tatu. Léonce alikuwa dirishani kwake. Aliniona, akamwona Daphrose ndani ya buibui, akamtazama mtoto, na ninaapa kwamba alituelewa sisi sote. Vijana wa kizuizini walikuwa wakimwamkia kwa heshima, wengine aliwahi kuwakagua darasani. Angevaa viatu akatusindikiza dakika tano tu, hakuna ambaye angetuuliza lolote. Alivuta pazia. Wapo walioniambia kwamba kunyamaza kwake kulikuwa wema, maana angeweza kutuchongea kwa vijana. Huo wema wake aule mbwa wake.

Kizuizi kilikuwa penye mteremko wa kwenda mjini, matairi, magogo, na madawati waliyoyatoa shuleni. Vijana kama kumi, wengine na mashati ya shule, marungu mkononi, mmoja ana guruneti anachezea kama chungwa. Mkubwa wao wenzake walimwita Claude. Nikakumbuka maneno ya sista, na sikuona kitu cha kuchekesha. Alisimama imara kabisa.

"Salaam aleikum, mama," akasema kwa adabu. "Munaenda wapi?"

"Aleikum salaam. Buyenzi, kwa mama."

"Na uyu?"

"Dada yangu, Fadhila. Jino inamusumbua, tangu jana hajakula."

Alimtazama Daphrose, akaonekana kuamini. Kisha akamwona mtoto. Nadhani hakuwa na nia mbaya bado, alitaka kufurahi tu. Akambeba kwapani, akamsimamisha juu ya dawati, akarudi nyuma hatua moja.

"We kijana, unaitwa nani?"

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Niliona kifua kinatuna.

"Nzikobanyanka!"

Yule wa guruneti akaacha kuchezea. Claude akainama kidogo, akauliza kwa Kirundi, polepole, ni nani hao wanaokuchukia. Mtoto akanyoosha kidole mbele, kama alivyofundishwa. Mbele yake alikuwa Claude.

"Mwislamu gani anaitwa ivi, mama?" akaniuliza. Ile adabu ilikuwa imekwisha.

"Ni jina ya mutoto wa jirani," nikasema. "Anaiga tu. Iyi mutoto ni mujinga." Nikamwendea, nikampiga kofi la mdomo. "We unaitwa nani?"

Akanitazama kwa mshangao mtupu. Hakuna aliyewahi kumpiga kwa jina lile. Nikaona anafikiri, maskini, akaamua kwamba kosa lake ni kusema polepole. Akalisema tena kwa nguvu zaidi, na kidole juu.

Vijana wakacheka. "Muulize tena, mama," mmoja akasema. "Vraiment, uyu iko bien, iko muzuri."

Nikampiga la pili. Mdomo ukapasuka, damu ikamtiririkia kidevuni. Nyuma yangu nilimsikia Daphrose akipumua ndani ya kitambaa chake, hasemi neno, maana neno moja la mama lingetuua sote watatu. Mtoto akageuka kumtafuta. Nikamshika kidevu nikamrudisha kwangu.

La tatu ndilo ninalotaka kulieleza. Mawili ya kwanza nilipiga kwa hesabu, nikijua ninachofanya na kwa nini. La tatu hesabu ilikuwa imeniishia. Niliona pale juu ya dawati uso wa Salvator, pua ileile, kifua kilekile cha kujitutumua, nikaupiga kwa kiganja chote na kwa hasira zangu zote za miaka minne. Aliyeanguka ni mtoto. Claude alimdaka.

"Unaitwa nani?" nikamuuliza.

"Anouar."

"Tena," akasema Claude.

"Anouar."

"Voilà." Akanikabidhi mtoto, akanisogezea tairi moja kwa mguu tupate njia. "Pita, mama. Mutoto anafundishwa ivyo."

Alinisifu. Nikamwambia asante.

Tulishuka, tukapita mtaa wa Asiatique, maduka yote yamefungwa, tukaingia Buyenzi. Nilimbeba mwenyewe njia nzima, maana bado alikuwa wangu mpaka tufike. Hakulia. Mwili wake ulikuwa mgumu mikononi mwangu, na damu yake ilinikaukia begani.

Kwa mama yangu, Bibi Zubeda, Daphrose alifungua kitambaa, akachota maji, akamwosha mwanawe mdomo. Alipomaliza akaja kwangu, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante, Mama Anouar. Umetuokoa." Alisema kweli na alisema kwa moyo. Nikauchomoa mkono, nikaenda nyuma ya jiko, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Nilikuwa na kinyaa na Salvator aliyekuwa Uvira ametulia, na Léonce na pazia lake, na yule Claude na adabu zake. Hayo nilikuwa nayo tangu zamani na nilijua pa kuyaweka. Nisichojua pa kukiweka ni kile kiganja. Salvator alimwandikia jirani, mimi nilimwandikia Claude, na karatasi ilikuwa ileile. Eti yangu ilikuwa ya kuokoa maisha. Nimejiambia hivyo miaka yote hii, na ni kweli, na bado kinyaa hakiniishi.

Niliporudi uani mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto. Yeye huwakaribisha watoto wote hivyo, hajui kizuizi, hajui kofi, hakuna aliyekuwa amemweleza bado.

"Karibu, mujukuu wangu," akasema. "Unaitwa nani?"

Mtoto hakumtazama. Alizungusha macho uani kote mpaka akaniona mlangoni mwa jiko, yakashuka, yakatua kwenye mkono wangu. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

"Anouar," akajibu kwa ndani, haraka haraka. "Anouar, Anouar."

Mama akacheka, akasema jina zuri. Nikauingiza mkono chini ya kanga.