Tangazo la Madirisha

Mbinga nzima, mtu wa kwanza kutengeneza intaneti ni mimi. Tochi yangu, hata hivyo, mpaka leo naitia betri kichwa chini miguu juu, na shule niliishia darasa la nne.

Ilikuwa Juni 2004, baridi ya kung'ata masikio. Tulitoka Matiri kuja Mbinga mjini, mimi na mjukuu wangu Anjela. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa nafasi, ila ajibu kwa kompyuta kabla ya saa kumi jioni. Asipojibu, anapewa mwingine. Tukaingia kwenye chumba cha intaneti: kompyuta moja, na kijana wa kuiangalia, Methodi.

Saa tisa Anjela akabonyeza. Mashine ikamjibu Kiingereza.

"Inasemaje?"

"Haiwezi kuunganishwa na mtandao, Bibi." Machozi yalishamlenga.

"Dishi hilo," Methodi akasema. "Upepo umelisogeza." Akanipa spana. "Nishikie, Bibi, nikifika juu utanipa."

Akapanda kwenye bati. Huko juu akamwona fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, binti mzuri kweli, akaanza kupiga soga. Spana hakuiuliza tena. Nikaifutika kwenye khanga.

Baridi ikanizidi, nikainuka nifunge dirisha.

"Usifunge, Bibi!" Anjela akanizuia. "Soma pale."

Ukutani kulikuwa na karatasi: WATEJA TAFADHALI MSIFUNGE MADIRISHA.

"Hata mimi huwa sifungi," akaongeza. "Nikimaliza nayashusha tu chini."

"Dirisha la ukuta unalishushaje?"

"Haya ya humu, Bibi."

Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta. Kumbe kila barua na kila ukurasa nao huitwa dirisha, na pale chini yalikuwa yamebanana kama dagaa kwenye chanja. Ya wateja wa siku nne, maana Methodi mashine haizimi. Akayahesabu: sitini na moja.

Nikatoa kichwa nje. "Methodi! Tangazo lako ni la madirisha gani?"

"Ya ukutani, Bibi! Mashine inataka hewa!"

Nilicheka nikashika mbavu. "Anjela, watu sitini na mmoja wamejaa sebuleni, vigoda vimekwisha. Mgeni akipiga hodi atakaa wapi? Halafu mnasema njia mbovu! Hebu watoe."

Akafunga moja baada ya jingine. Saa kumi kasoro dakika nane akabonyeza tena.

"Imekwenda, Bibi! Imekwenda!"

Vigelegele nilivyopiga, fundi cherehani aliacha kushona.

Methodi akateremka mbio, anakung'uta mikono isiyo na vumbi. "Mmeona? Nimekaza nati mbili tu, mtandao umerudi!"

"Umezikaza sawasawa, baba?"

"Kwa spana, Bibi, mpaka zikalia!"

Nikafungua khanga.