Makosa Yaliyoachwa Kutafutwa

Siku jibu lao lilipolingana na lile lililochapishwa na watafiti waliowatangulia, kila mtu maabarani aliacha kutafuta makosa. Jambo hilo lilimkosesha raha mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ambaye wenzake walimwita Bi Tena, kwa kupenda kurudia vipimo.

Kazi yao ilikuwa kurusha mwale wa elektroni kwenye protoni na kuhesabu elektroni zinazotawanyika kwa kila pembe. Hesabu hiyo huwapa eneo la mtawanyiko, yaani ukubwa wa shabaha ambayo elektroni huikuta kwa protoni. Protoni zenyewe zilikuwa ndani ya hidrojeni ya kimiminika, kwenye kichupa chembamba cha alumini. Mwanzoni jibu lilikuwa chini mno. Wakakagua kigunduzi, wakakuta kinaruka baadhi ya elektroni, jibu likapanda. Wakasahihisha pembe, likapanda tena. Lilipofika walipotaka lifike, wakapongezana.

"Profesa, naomba zamu ya mwisho," alisema Bi Tena. "Nataka kupima kwa mwale hafifu."

"Ya nini? Zamu hiyo ni ya pembe mpya. Kesho mashine inazimwa mpaka mwakani."

"Mwale unapasha hidrojeni moto. Ikichemka hata kidogo, mapovu yanachukua nafasi na protoni zinapungua mbele ya mwale, na sisi tunahesabu kana kwamba zimo zote."

"Si ina feni ya kuizungusha, binti yangu? Haichemki hiyo."

"Tumepima?"

Profesa akacheka. "Mwenzangu, wewe siku ya harusi utampima bwana harusi mara mbili."

"Tatu. Lakini niambie ukweli: jibu lingekuwa bado chini, ungeninyima zamu hii?"

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ningekuwa nimeshakupa," alisema. "Ila tasnifu yako iko tayari. Namba ikihama, unaandika upya sura mbili, na ile kazi uliyoahidiwa haitakusubiri."

"Hilo nalijua."

Akampa zamu kwa shingo upande.

Kwa mwale hafifu, hesabu kwa kiasi kilekile cha elektroni zilizorushwa ilizidi ile ya mwale mkali kwa asilimia mbili. Akarudi kwenye mwale mkali, ikashuka. Akaupunguza tena, ikapanda. Hidrojeni ilikuwa ikichemka tangu siku ya kwanza. Jibu lililosahihishwa likapita lile la watangulizi, mbali kuliko kosa la vipimo lingeweza kueleza.

Akampigia dada yake simu. "Sikabidhi tasnifu wiki hii."

"We! Na kazi?"

"Watampa mwingine."

"Hivi una akili timamu? Namba si ilikuwa imekubali?"

"Ilikubali kwa makosa, dada."

Dada akashusha pumzi. "Haya. Umekula?"

"Bado."

"Nakuja kukuchukua."

"Nipe saa moja," alisema Bi Tena, akafungua sura ya nne na kuifuta namba.